Juu ya Adabu na Adhabu Katika Shule Zetu

Katika mikutano ya waalimu tuliyohudhuria kwa miaka zaidi ya ishirini tumeona jambo moja likijirudia. Habari ya viboko ikitajwa, huyu husema hivi na yule husema vile, na mazungumzo huwa marefu. Kisha husimama mtu, mara nyingi ni mchungaji au katekista, akautaja mstari wa 24 wa sura ya 13 ya Kitabu cha Mithali, na hapo mazungumzo hufa. Hakuna apendaye kuonekana anabishana na Maandiko. Chai huletwa, na kesho yake kila mwalimu huingia darasani na fimbo yake kwapani, moyo wake umetulia.

Sisi nasi hatubishani na Maandiko. Tunalolikataa ni huko kufa kwa mazungumzo. Kwa maana mstari ule una maneno ndani yake, na maneno hayo yametoka katika lugha moja yakaingia katika lugha nyingine, na yale ya Kiswahili yana asili yake na mazoea yake, wala si haki mtu kuyatumia kama rungu kabla hajayatazama. Twaamini kwamba sehemu kubwa ya ukali uliomo katika shule zetu, hata katika shule za misheni, haikutoka katika Biblia kabisa, wala katika desturi za wazee wetu. Imeingia kwa mlango wa maneno yaliyochanganywa. Basi tuyatazame maneno yenyewe, moja baada ya jingine.

La kwanza ni adabu. Kila msomaji ajua kwamba neno hili ni la Kiarabu. Katika lugha hiyo lina maana ya malezi mema, mwenendo wa kiungwana, na hata elimu ya vitabu huitwa kwa jina hilo. Mtu mwenye adabu ni mtu aliyelelewa akaleleka. La pili ni adhabu, nalo ni la Kiarabu vile vile, lakini halina udugu wowote na la kwanza. Shina lake ni jingine, herufi zake ni nyingine, na maana yake ni mateso. Ndilo neno litumikalo kwa mateso ya Jehanamu. Katika kinywa cha Mwarabu maneno haya hayagongani, kwa kuwa sauti zake ziko mbali. Katika vinywa vyetu sisi watu wa bara yamekaribiana mno, yamebaki yametengana kwa sauti moja tu, na wengi wetu sauti hiyo hutushinda. Tumesikia mwenyewe, tena si mara moja, mzazi akisema, “Mwalimu, mtie adhabu huyu,” hali yeye alitaka kusema adabu. Na mwalimu alimsikia vizuri, akafanya kama alivyoambiwa.

Hatutaki kuzidisha neno hili. Hata Waarabu, katika kitenzi kitokacho katika shina la adabu, huchanganya kufundisha na kurudi kwa kuchapa. Basi si kosa la ulimi wa Mswahili peke yake. Lakini tazama mambo yalivyokwenda kwetu. Zamani “kumtia mtoto adabu” kulikuwa ni kumfundisha kuamkia, kupokea kwa mikono miwili, kunyamaza wakubwa wasemapo, kula kwa utaratibu. Ilikuwa kazi ya miaka. Leo mwalimu akisema, “Nitakutia adabu,” hakuna mtoto anayetazamia kufundishwa kuamkia. Mtoto hutazama mkono wa mwalimu ulipo. Kazi ya miaka imekuwa kazi ya dakika mbili, na jina limebaki lile lile.

Sasa twende kwenye Maandiko. Watafsiri wa Biblia yetu ya Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952, walikuwa watu wenye ujuzi mwingi, nasi twawaheshimu. Lakini walikuwa na neno moja la Kiyunani lililowasumbua, nalo ni paideia, ambalo limetokana na neno lenye maana ya mtoto. Katika sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso, mahali baba waambiwapo namna ya kulea, wameliandika adabu. Katika sura ya 12 ya Waraka kwa Waebrania, mstari wa 5, neno hilo hilo wameliandika marudia. Katika mstari wa 11 wa sura hiyo hiyo wameliandika adhabu. Neno moja, na majina matatu. Msomaji wa Kiswahili asiyejua Kiyunani atadhani Mtume anazungumza juu ya mambo matatu, na akipenda atachagua lile limpendezalo. Waalimu wengi wamechagua la tatu.

Lakini tusijidanganye kwa upande wa pili pia. Wako wahubiri wa siku hizi wasemao kwamba paideia ni malezi matamu tu, yasiyo na maumivu. Hao nao hawakusoma. Kitenzi cha neno hilo ndicho alichotumia Luka katika sura ya 23, Pilato aliposema atamchapa Yesu kisha amfungue. Na ndicho alichotumia tena katika sura ya 22 ya Matendo, Paulo aliposema alifundishwa sheria miguuni pa Gamalieli. Kwa hiyo katika Kiyunani chenyewe neno hili lina nyumba mbili: moja ni ya mwalimu na mwanafunzi wake, nyingine ni ya liwali na mfungwa wake. Swali letu kwa mwalimu Mkristo ni jepesi kuuliza, ingawa si jepesi kujibu: fimbo yako unapoinyanyua, umesimama katika nyumba ya Gamalieli ama ya Pilato?

Neno la Kiswahili tulipendalo kuliko yote katika habari hii ni kurudi. Hilo ndilo lililomo katika Mithali, na ndilo wazee walilolitumia. Kumrudi mtoto ni kumrejeza, kumtoa njia aliyopotea na kumweka katika njia aliyoiacha. Neno lenyewe lasema kwamba kuna mahali pa kurudishwa. Mchungaji humrudi kondoo kwa kuwa anataka awe zizini. Akimchapa akakimbilia porini, hakumrudi, amemfukuza. Tena Waswahili wana maana nyingine ya neno hili ambayo kila mwanamke aijua. Kanga mpya ikifuliwa mara ya kwanza, ikapungua upana, husema, “Nguo imerudi.” Tumewaona watoto waliorudi namna hiyo. Waliingia darasa la kwanza wakiuliza maswali, na walipofika la nne walikuwa wamepungua.

Kuhusu fimbo yenyewe twasema machache. Neno la Kiebrania katika Mithali ni shevet, na neno hilo hilo limo katika Zaburi ya 23, mahali mchungaji apitapo na kondoo wake bonde la giza. Katika Zaburi watafsiri wetu wameliandika gongo, katika Mithali wameliandika fimbo. Hatuwalaumu. Lakini laiti msomaji angejua kwamba ni chombo kimoja, huenda asingekiwazia kama ufito uliokatwa kwa ajili ya kuumiza tu. Katika Zaburi chombo hicho humfariji aonaye hofu.

Na kiboko je? Hicho hakimo katika Biblia. Kiboko ni mnyama wa mtoni, na ngozi yake ndiyo iliyokatwa mijeledi ya misafara na ya boma. Wazee wa pwani na wa bara waliotawaliwa na Wadachi walikumbuka hesabu yake, hamsa ishirini, na waliitamka kwa Kiarabu kama walivyoisikia ikihesabiwa. Neno hili halikuzaliwa nyumbani mwa mzazi wala katika darasa la mwalimu wa dini. Limetoka gerezani na barazani pa akida, likaingia shuleni, na humo tumelibatiza kwa mstari wa Mithali. Hili ndilo tulilolimaanisha tuliposema kwamba ukali wetu una asili nyingine.

Neno la mwisho katika orodha hii fupi ni kosa, nalo tungependa wasomaji walitafakari kuliko mengine, kwa kuwa laonekana dogo. Kwa Kiswahili mwanafunzi akiandika saba mara nane ni hamsini na nne, amefanya kosa. Akimwibia mwenziwe kalamu, amefanya kosa. Akimtukana mwalimu, amefanya kosa. Lugha nyingine zina maneno mbalimbali kwa mambo haya. Sisi tuna moja. Na mkono wa mwalimu hufuata ulimi wake. Ndiyo sababu katika shule zetu mtoto huchapwa kwa hesabu iliyomshinda sawasawa na yule aliyeiba, na hakuna anayeona ajabu. Tena kukosa maana yake si kufanya vibaya tu, ni kupungukiwa pia: amekosa chakula, amekosa nauli, amekosa adabu. Aliyekosa chakula hupewa chakula. Lakini aliyekosa hesabu hupewa nini?

Serikali ya Tanzania iliona tofauti hii kuliko sisi waalimu tulivyoiona. Kanuni za mwaka 2002 juu ya adhabu ya viboko mashuleni zilisema kwamba adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu tu. Kwamba viboko visizidi vinne. Kwamba mwenye kuvitoa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi. Kwamba msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa hayupo. Na kwamba kila adhabu iandikwe katika daftari. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwalimu wa hesabu atembee kati ya madawati na ufito, akichapa kila jibu lisilo sawa. Na ni nani kati yetu ambaye hakuona jambo hilo likifanyika, tena katika shule ambamo siku hufunguliwa kwa sala? Mwezi wa Agosti mwaka 2018, huko Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alikufa baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya wizi, na mwalimu wake akapelekwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Waalimu wengi walisema kwamba yule hakuwa kama sisi. Sisi hatukupata ujasiri wa kusema hivyo.

Sababu ya kukosa ujasiri huo ni habari ya daftari, nasi twaona haya kuieleza, lakini makala hii isingekuwa ya kweli bila hiyo.

Kwa muda tulikabidhiwa kazi ya nidhamu katika shule moja ya bara, nasi tuliitunza daftari ya adhabu kwa bidii kama kanuni ilivyotaka. Ilikuwa na safu za tarehe, jina, darasa, kosa, idadi ya viboko, na sahihi. Mkaguzi alipokuja aliisifu. Miaka miwili baadaye, tulipokuwa tukiandaa mazungumzo kwa waalimu vijana, tuliifungua tena ili tuwaonyeshe mfano wa kazi njema. Tulilokuwa tukilitafuta ni ushuhuda kwamba viboko hufaa. Tukalichagua jina la mvulana mmoja wa darasa la sita aliyeandikwa mara tisa kwa kuchelewa, kisha jina lake likatoweka kabisa. Tukafurahi, tukasema, huyu ndiye, alirudiwa mara tisa, akarudi.

Usiku ule, kwa kuwa tulitaka tuwe na hakika, tukazilinganisha tarehe. Zote tisa zilikuwa Jumanne. Jumanne ilikuwa siku ya gulio katika kijiji kile, na mama yake mvulana alikuwa akiuza ndizi. Bila shaka yeye ndiye aliyezibeba mpaka gulioni kabla ya kuja shuleni. Mtu yeyote mwenye macho angaliona, nasi ndio tuliokuwa tumeziandika tarehe zile kwa mkono wetu wenyewe, moja chini ya nyingine. Kisha tukalifungua daftari la mahudhurio ili tuone aliendeleaje baada ya kuacha kuchelewa. Hakuendelea. Juma lile lile jina lake lilipotoweka katika daftari ya adhabu, alikuwa ameacha shule.

Katika safu ya kosa tulikuwa tumeandika mara tano “kuchelewa” na mara nne “utovu wa nidhamu”. Hatukumbuki ni kwa nini tulibadili neno. Twadhani tulikuwa tumeanza kuchoka naye.

Basi tukaanza kusoma waliyoyasema wengine kabla yetu, na tukaona kwamba Kanisa limelia juu ya jambo hili tangu zamani sana. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini, katika kitabu cha kwanza cha Maungamo yake asimulia kwamba sala zake za kwanza katika utoto zilikuwa kumwomba Mungu asichapwe shuleni, na kwamba wakubwa, hata wazazi wake waliomtakia mema, walivicheka viboko vyake. Alikuwa mtu mzima na askofu alipoandika hayo, na bado yalikuwa yanamwuma. Hata hivyo yeye ni mkweli, hasemi kwamba shuruti haikumfaa kitu. Asema tu kwamba katika kujifunza lugha, hamu ya moyo huru ina nguvu kuliko hofu. Mwalimu wa lugha yeyote atakubali.

Habari iliyotugusa zaidi ni ya Anselm, aliyekuwa abate wa Bec katika Ufaransa, na tangu 1093 Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwanafunzi wake Eadmer aliandika maisha yake, na humo asimulia kwamba abate mmoja alimjia kulalamika juu ya wavulana waliolelewa katika nyumba yake ya watawa. Twawapiga mchana na usiku, alisema, nao huzidi kuwa wabaya. Anselm akamwuliza wavulana hao huwaje wakikua. Akajibiwa kwamba huwa wazito wa akili, kama wanyama. Ndipo Anselm akamwuliza, kama angepanda mti bustanini mwake akaubana pande zote usitandaze tawi hata moja, kisha akaufungua baada ya miaka, ungekuwa mti wa namna gani? Tena akamtajia mfua dhahabu, ambaye hapati umbo zuri kwa kugonga tu. Hugonga kidogo, kisha hubonyeza taratibu, huinua, hulainisha. Yule abate alianguka miguuni pake. Twakiri kwamba sisi, tuliposoma habari hii, hatukumfikiria yule abate kama mtu wa zamani.

Wasomaji wengine watasema kwamba hayo ni ya Ulaya, na kwamba wazee wetu walilea kwa fimbo. Ni kweli kwamba walichapa. Lakini tuzisikilize mithali zao za malezi, maana humo ndimo walimoweka hekima yao. Samaki mkunje angali mbichi: mithali hii yasema habari ya kukunja, na ya wakati, wala samaki mbichi akipigwa hakunjiki, hupondeka. Udongo upate uli maji: hapa kuna mkono wa mfinyanzi. Mchelea mwana kulia hulia yeye: mithali hii ndiyo waipendayo wenye fimbo, lakini haikusema mtoto alie kwa sababu gani. Mtoto hulia zaidi kwa kunyimwa kuliko kwa kuchapwa, na kumnyima mtoto kitu anachokitaka, kisha kusimama imara hali analia, ni kazi ngumu kuliko kumpiga. Na mwenzake wa mithali hiyo ni huyu: Mtoto akililia wembe, mpe. Mzee aliyesema hivyo hakuwa mlegevu, wala hakuhitaji ufito.

Tena kulikuwa na jando. Hatusemi kwamba jando lilikuwa la upole, waliopitia wajua. Lakini lilikuwa na mambo mawili ambayo shule zetu hazina. Kwanza, mlezi alikaa na wari wake huko kambini usiku na mchana, wakamjua naye akawajua. Pili, lilikuwa na mwisho. Siku ya kutoka, kijana alioshwa, akanyolewa, akavikwa nguo mpya, na katika makabila mengi akapewa jina jipya, na lile la utoto halikutajwa tena. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, aliliona jambo hili kwa macho makali kuliko wamisionari wengi wa siku zake. Hakulifuta jando kwa Wakristo wake, aliliondolea mambo yasiyopatana na imani, akaliweka chini ya sala za Kanisa na walezi Wakristo. Wengine walimlaumu, na kuna mengi ya kuulizwa juu ya kazi ile. Lakini alifahamu kwamba mamlaka ya kumkemea kijana hayatoki hewani, hutoka katika kukaa naye. Sisi tuna waalimu wenye wanafunzi themanini darasani, ambao hawajui majina ya nusu yao. Mtu usiyemjua jina utamrudi wapi?

Sasa twataka kusema neno juu ya wenzetu Wakristo wa nchi nyingine waliolipeleka shauri hili mahakamani. Katika Afrika ya Kusini sheria ya shule ya mwaka 1996 ilikataza viboko katika shule zote. Chama cha shule za Kikristo zisizo za serikali, zilizokuwa 196, kilidai kwamba wazazi Wakristo wana haki ya kumkabidhi mwalimu mamlaka ya kuchapa, kwa kuwa ni sehemu ya imani yao. Mwezi wa Agosti mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ilikataa. Katika Uingereza shule za Kikristo zilidai neno kama hilo, na mwaka 2005 mahakama ya juu ya nchi hiyo, iliyokuwa Baraza la Malodi, nayo ikakataa. Hatuna shaka kwamba watu hao walikuwa wakweli, wala hatupendi mahakama zitufundishe Maandiko. Linalotuhuzunisha si kwamba walishindwa. Ni kwamba, walipopata nafasi ya kuuambia ulimwengu ni kitu gani kinachoitofautisha shule ya Kikristo na shule nyingine, walichokiweka mezani ni fimbo. Wangaliweza kudai saa za sala, au haki ya kuwapokea watoto wasiotakiwa mahali pengine.

Kuna upande mwingine, nao hatuwezi kuunyamazia. Kenya iliondoa viboko mashuleni mwaka 2001, na tangu hapo tumewasikia waalimu wa huko, na wa kwetu wanaoiogopa siku hiyo, wakisema kwamba mamlaka ya mwalimu yamekwisha. Twawahurumia, maana wengi wao waliondolewa chombo bila kupewa kingine, wakaachwa na darasa lililojaa. Lakini twawaambia kwa heshima kwamba mamlaka yaliyoondoka pamoja na fimbo yalikuwa katika fimbo. Wengine wamehamisha kiboko kutoka mkononi kwenda kinywani: mbumbumbu, kichwa maji, mtoto wa fulani asiye na baba. Jeraha la namna hii haliandikwi katika daftari yoyote, na mkaguzi halioni. Mtume, katika sura ya 3 ya Waraka kwa Wakolosai, aliwaonya baba wasiwachokoze watoto wao hata wakavunjika moyo, naye hakutaja kwamba ni kwa mkono tu.

Na wengine wameacha yote, mkono na kinywa. Mwalimu huandika ubaoni, kengele ikilia hutoka, na mtoto aliyekuwa akimwonea mwenziwe nyuma ya darasa huendelea. Mwalimu huyu husema, mimi sipigi mtu. Ndugu, hukusifiwa. Mzee Eli, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, naye hakuwapiga wanawe. Tena aliwasemesha, na kwa maneno mazuri; lakini lawama iliyomfikia ni kwamba hakuwazuia. Kuzuia ni kazi. Ni kumweka mtoto mahali pake baada ya masomo mpaka amerudisha alichokiiba kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya aliyeibiwa, na wewe umesimama hapo, umechelewa chakula chako. Ni kwenda nyumbani kwao kwa miguu. Ni kusema “hapana” leo, na kesho kuisema tena kwa sauti ile ile. Yesu alipofundisha, watu walishangaa kwa kuwa alikuwa na mamlaka, si kama waandishi wao. Nao waandishi ndio waliokuwa na sheria zote na adhabu zote mikononi.

Basi wenzetu wametuuliza tumefanya nini sisi wenyewe baada ya usiku ule wa daftari. Tumefanya jambo dogo. Safu iliyoandikwa “Kosa” tumeifuta, na mahali pake tumeandika “Amekosa nini?” Safu ya idadi ya viboko tumeiacha, kwa kuwa kanuni yaitaka, ingawa kwa muda sasa imejaa mistari mitupu. Na mwisho wa ukurasa, mahali pa sahihi, tumeongeza safu moja zaidi, nayo hujazwa baada ya majuma mawili: “Amerudi?” Mwalimu haruhusiwi kuijaza mpaka amesema na mtoto, na ikiwa jambo ni la kuchelewa, mpaka amesema na mzazi.

Mwenzetu mmoja, kijana hodari na Mkristo mwema, amelalamika kwamba kujaza mstari mmoja wa daftari mpya kwamchukua robo saa, na kwamba zamani kwa muda huo alikuwa akiwamaliza watoto kumi. Tumemjibu kwamba ni kweli.